Machela ya Koplo Hezekia

Turubai la machela lilinuka mafuta ya nywele.

Hezekia alilifua mtoni kwa majivu, akalifua tena kwa sabuni ya mche, akalianika juu ya majani kutwa nzima, na bado kila alipoinama karibu nalo harufu ile ilimpanda puani, tamu na nzito kama ya kibanda cha kinyozi. Kwa miaka kumi na minne turubai hilo lilikuwa limepokea damu, usaha, matapishi na maji ya uzazi, na halikuwahi kumtia kinyaa hata siku moja. Leo aligeuka pembeni akatema mate.

“Mtani,” alisema Sikuzani, akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, “sugua mpaka litoboke. Unadhani cheo kinatoka kwa majivu?”

“Pita na maji yako.”

“Napita. Ila nasikia zamani ulipigana na Mjapani. Sasa umeshindwa na chanuo.”

Sikuzani alikuwa mjane wa watu wa bondeni, na tangu enzi za mababu watu wa bondeni na watu wa milimani walikuwa watani. Aliweza kumwambia Hezekia neno ambalo dada yake wa tumbo moja asingethubutu, na Hezekia hakuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo alikasirika, kwa kuwa lilikuwa neno la kweli.

Hezekia aliijua machela hiyo tangu utotoni. Wakati huo, huko Chamsesa, kwenye milima iliyo juu ya Kisanga, ilikuwa na kiti. Bwana mkubwa wa Kiingereza alipokuja kuhesabu vichwa vya kodi, aliketi kitini kofia imemfunika macho, na wanaume wanne wakampandisha mlima. Mmoja wao alikuwa baba yake Hezekia. Baba huyo alikufa akiwa na nundu begani, kubwa kama yai la bata. Wadogo zake Hezekia walikuwa wakiishika nundu hiyo kwa mchezo, wakicheka inavyoteleza chini ya ngozi. Yeye hakuishika hata mara moja.

Kisha akaenda keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Huko Burma alipewa kazi ya kubeba majeruhi. Siku moja yeye na wenzake watatu walikuwa wakivuka kijito na askari aliyetobolewa tumbo, kombora likaanguka. Wawili walikufa palepale. Goti la kushoto la Hezekia lilipasuka kama boga. Alilala topeni tangu asubuhi mpaka alasiri, nzi wakitaga kidondani, hadi wakatokea watu asiowajua, wanaosema lugha asiyoijua, wakamlaza kwenye machela yao wakambeba siku sita msituni. Hakuna aliyemuuliza jina, wala dini, wala cheo. Hakuwaona tena maishani. Alirudi nyumbani na mguu usiokunjika, koti refu, alama mbili za koplo, na filimbi ya shaba.

Siku ya uhuru, watu wa Kilosa walipandisha bendera na kucheza ngoma mpaka vumbi likawafika viunoni. Hezekia yeye alichechemea hadi kwenye kambi ya zamani ya serikali, akaikuta machela imetupwa nyuma ya jiko, akaomba msumeno. Kile kiti alikikata vipande vipande, akavipikia ugali, akaula mpaka akashiba. Kisha akalifunga turubai katikati ya ile miti miwili, akawaita vijana wanane.

Sheria alizowapa zilikuwa chache. Filimbi ikilia mara mbili kwa kirefu na mara moja kwa kifupi, kila mbebaji aliyeisikia atupe jembe aje, asiulize ni nani. Anayebebwa ni mgonjwa, na mgonjwa hulala. Wabebaji wasile chochote nyumbani kwa mgonjwa, hata kipande cha muwa. Na machela ikishainuliwa haiwekwi chini wala hairudi nyuma; wanne wanawapokea wanne bega kwa bega huku inakwenda, mpaka mlangoni kwa zahanati ya Mikumi. Ukirudi nyuma na mgonjwa, walisema, umemwonyesha mauti njia ya kwake. Walikwenda wakiimba, na maneno aliyatunga Hezekia mwenyewe:

*Beba ndugu usichoke, bega lako lisilie,*
*Chini tope juu mvua, mlangoni tufikie.*

Yeye alitangulia na fimbo, goti likimlaani kila hatua. Hapakuwa na kilima ambacho hakikuwa na mtu anayepumua kwa sababu ya miti ile miwili.

Ilipokuja Operesheni Vijiji, mwaka wa sabini na nne, watu wa Chamsesa waliambiwa washuke wakae pamoja bondeni. Wengine walinung'unika. Hezekia alipanda juu ya paa lake mwenyewe akaling'oa. Watu wakikaa pamoja, alisema, hakuna atakayefia porini bila jirani kujua. Aliamini. Baadaye hilo ndilo lililomkereketa kooni kuliko yote, kwamba hakuna aliyemsukuma: aliamini.

Kijiji kipya kilikuwa mistari sita ya nyumba kwenye mbuga ya udongo mweusi. Barabara ilikuwa kwenye karatasi. Ofisi ndiyo iliyoezekwa kwanza, na ndani ya ofisi akaketi Katibu Kata, Theodory, kijana wa miaka thelathini aliyetoka mbali, mwenye viatu vya kahawia na nywele zinazong'aa hata siku ya mawingu.

“Shikamoo, mzee,” alimwambia Hezekia siku ya kwanza.

“Marahaba.”

“Nimesikia habari zako. Kazi nzuri sana. Lakini sasa sisi ni kijiji, mzee. Filimbi haiwezi kukaa shingoni mwa mtu binafsi. Ni ya umma. Tutaitundika hapa ofisini.”

Hezekia alisimama wima, kadiri goti lilivyomruhusu. Jeshini mkubwa akitaka kitu unakitoa, kisha unapiga saluti. Aliivua filimbi, akaiweka mezani, akapiga saluti. Theodory aliitikia kwa kutikisa kichwa, bila kunyanyuka.

Masika yakaingia. Ile mbuga ikageuka uji mweusi, maili mbili kutoka ofisini hadi barabara ya Kilosa, tope la kukuvua kiatu. Asubuhi moja filimbi ikalia, mbili ndefu na moja fupi, na wanaume wanane wakaja mbio kutoka mashambani, mmoja bado anatafuna kiporo. Waliuliza kitu kimoja tu: mgonjwa yuko wapi?

“Leo hakuna mgonjwa, tushukuru,” alisema Theodory. Alikuwa amekunja suruali mara moja, anatazama viatu vyake. “Nina mkutano wilayani. Ndugu zangu, mkinibeba mimi, mnabeba maendeleo yenu wenyewe.”

Walitazamana. Halafu, kwa kuwa filimbi ilikuwa imelia, na kwa kuwa hawajafundishwa kuuliza, wakambeba. Alijilaza nusu, ameegemea kiwiko, na kichwa chake kikaacha doa la mafuta kwenye turubai. Jioni wakamngojea barabarani wakinyeshewa, wakamrudisha.

Ndiyo maana Hezekia alikuwa mtoni na majivu. Alipomaliza kufua alikwenda ofisini na nguo zake zenye maji.

“Ndugu Katibu, machela haibebi mtu mwenye afya yake.”

“Mzee wangu,” Theodory alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, “mgonjwa anangoja dawa. Mimi nangojwa na wilaya nzima. Nani kati yetu ana haraka zaidi?”

Moyoni mwake Hezekia alikuwa bado amesimama wima, kama mbele ya mkubwa wa jeshi. Aliondoka. Juma lililofuata Theodory aliona kwamba kulala lala si heshima kwa kiongozi. Akamwita fundi, na fundi akagongelea kiti juu ya ile miti miwili, cha mninga, chenye mahali pa kuwekea mikono.

Hezekia alipokiona alikwenda nyuma ya ofisi akatapika. Si maneno ya kutia chumvi. Alitapika uji wake wa asubuhi, ameshika ukuta, na mbele ya macho yake ilikuwa ile nundu, inateleza.

Theodory alibebwa mara tisa mwezi huo. Mara ya nne walikuja wabebaji sita. Mara ya saba walikuja watano, wakiburuta miguu. Mtu akisikia filimbi alinyanyua uso, akasema, “Huyo na viatu vyake,” akainamia jembe.

Na katikati ya Aprili, saa tatu asubuhi, filimbi ililia kwa ajili ya Odilia.

Odilia alikuwa mke wa Samweli, na Samweli alikuwa mtoto wa dada yake Hezekia, yaani mpwa, na kwa watu wa milimani mpwa ndiye mrithi wa mjomba. Isitoshe Samweli alikuwa mbebaji wa kwanza kuitwa kati ya wale wanane. Alikuwa hajawahi kukosa. Odilia alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, wakunga wamenyoosha mikono. Samweli alikimbia ofisini, akaiangua filimbi ukutani, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Kijiji kizima kilisikia. Hezekia alisimama kando ya machela akitazama mashamba, na aliwaona, watu wake aliowafundisha mwenyewe, wananyanyua nyuso, kisha wanainama tena. Walikuja wawili. Pamoja na Samweli, watatu.

Walikivunja kiti kwa mateke, wakamlaza Odilia. Hezekia akatupa fimbo, akaingia chini ya mti wa nyuma, upande wa kushoto.

Maili saba. Watu wanne, bila wa kuwapokea, na mmoja wao ana mguu mmoja tu mzima. Kwenye ile mbuga Hezekia alianguka mara mbili, na machela ikawekwa chini, topeni, jambo ambalo halijapata kutokea tangu uhuru. Iliwekwa chini mara kumi na moja. Hakuna aliyeimba. Odilia hakulia pia. Alikuwa ameuma upindo wa kanga, anatazama juu.

Mganga wa zahanati ya Mikumi, Lupakisyo, mtu wa Tukuyu mwenye mikono mikubwa ya mkulima, aliwapokea mlangoni kama siku zote. Baada ya muda mrefu alitoka akifuta mikono.

“Mama atapona,” alisema. “Mtoto alikuwa amechoka kabla hajafika. Mngewahi kwa saa mbili tu.” Akawatazama wale watu wanne waliopakaa tope mpaka kope. “Wenzenu wako wapi, Koplo?”

Samweli alijibu, lakini hakumjibu mganga.

“Filimbi uliitoa wewe, mjomba. Ulipiga na saluti.”

Theodory alikuja msibani amevaa vizuri, akasema maneno marefu kuhusu ujenzi wa taifa na kujitolea. Alimshika Hezekia mkono kwa mikono yote miwili. Baadaye Hezekia aliinusa mikono yake mwenyewe. Ilinuka yale yale mafuta. Baada ya siku tatu kiti kingine kilikuwa kimekwisha kuchongwa, kizuri kuliko cha kwanza, maana mwezi wa tano mgeni wa mkoa angekuja kukitazama kijiji cha mfano.

Kabla ya siku hiyo Hezekia alipita nyumba kwa nyumba. Hakuhutubia. Kwa kila mmoja alisema, “Filimbi ikilia Jumamosi, njoo. Nakuomba mara hii tu, kwa ajili yangu.” Walikubali saba. Samweli alikuwa anapalilia mahindi, hakusimama.

“Bega langu limekwisha, mjomba.”

“Sawa, baba.”

Jumamosi filimbi ililia, na wabebaji wakaja kama zamani, mbio. Theodory alitoka ofisini ndani ya suti mpya ya mikono mifupi, karatasi za hotuba mfukoni. Mgeni alikuwa ameshafika barabarani, anangoja ng'ambo ya tope.

“Kiti kiko wapi?”

“Kilikuwa na kunguni, ndugu Katibu,” alisema Hezekia. “Leo naongoza mwenyewe. Lala tu, suti isirukiwe na tope.”

Theodory alitazama tope, akatazama suti, akalala. Wakamfunika blanketi, akashukuru, maana kulikuwa na manyunyu. Wakamfunga mikanda miwili, mmoja kifuani na mmoja mapajani, kama wanavyomfunga kila mgonjwa. Machela ikapanda juu. Sikuzani akajiunga pembeni na tawi la majani, anafukuza nzi kwenye uso wa katibu.

“Mama, hakuna nzi,” alisema Theodory.

“Watakuja,” alisema Sikuzani.

Barabarani mgeni wa mkoa alikuwa amesimama na watu wake kando ya magari mawili. Waliiona machela inatoka topeni, wabebaji wanaimba, mzee anachechemea mbele. Wakavua kofia.

“Niwekeni hapa,” alisema Theodory. Machela ilikwenda. “Hezekia, niweke chini. Nimesema mniweke chini.”

“Nani mgonjwa?” aliuliza mgeni.

“Katibu wetu, baba,” alijibu Sikuzani kwa upole mwingi. “Miguu imemkatalia tangu masika yaanze. Tunambeba sisi tu.”

“Pole sana, ndugu,” mgeni alisema, akiinamia machela. “Usijisumbue kuongea.”

Theodory akaanza kupiga kelele kwamba yeye ni mzima, mzima kabisa, huku akifurukuta ndani ya mikanda, na blanketi likamfunika mdomo. Mmoja wa watu wa mgeni alitikisa kichwa kwa huruma. Machela ikishainuliwa haiwekwi chini wala hairudi nyuma. Walimbeba maili zote saba, wanapokezana, wanaimba, wanapita watu wa Kisanga waliotoka kwenye nyumba zao kutazama. Hezekia hakucheka njia nzima. Kila alipogeuka na kumwona yule mtu amelala mahali alipolala Odilia, nyongo ilimjaa mdomoni.

Lupakisyo alikuwa mlangoni. “Anaumwa nini huyu?”

“Hatembei.”

“Tangu lini?”

“Tangu apewe ofisi,” alisema Hezekia, akafungua mikanda.

Theodory alisimama, suti imekunjamana, nywele zimesimama upande mmoja. Alinyanyua kidole akitaka kusema, akaona wagonjwa wa benchi wote wanamtazama, mama mmoja na mtoto mwenye surua, mzee wa kikohozi. Akashusha kidole. Hezekia alinyoosha mkono, akaichomoa filimbi kwenye mfuko wa kifua wa suti ile, akaivaa shingoni. Hakupiga saluti.

Barua ilikuja juma lililofuata, ina muhuri. Hezekia ameondolewa kwenye kamati ya kijiji kwa utovu wa nidhamu. Aliisoma mara moja, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa kitanda uliokuwa unayumba. Theodory alibaki na ofisi yake. Kwenye tope alipita kwa miguu, viatu mkononi, na watu walimwamkia kwa adabu.

Lakini Hezekia hakuwa na amani. Alilifua turubai tena na tena. Akaanza kuhisi ile harufu hata kwenye mikono yake, hata kwenye ugali. Machela ilikuwa imerudi, filimbi imerudi. Wale saba walikuja Jumamosi ile kwa sababu aliwaomba, na kwa sababu kumwaibisha mkubwa kuna raha yake. Kama wangekuja bila kuombwa, bila kumjua anayebebwa, hilo hakulijua.

Jibu alilipata mwezi wa sita, saa sita mchana, jua limekausha mbuga. Mwanakheri, mke mdogo wa mtu wa mstari wa tano, mgeni kijijini, hana ndugu milimani wala bondeni, aliumwa na nyoka akikata majani ya kuezekea. Hezekia alipuliza, mbili ndefu na moja fupi. Kisha akasimama kando ya machela akitazama mashamba, kama alivyotazama siku ile.

Nyuso zilinyanyuka. Kwa kitambo hakuna kilichosogea.

Kisha jembe moja likaanguka. Akaja wa kwanza. Akaja wa pili na wa tatu, sambamba, wamevua mashati. Wa nne alitokea mtoni, maji yanamchuruzika. Wa tano, wa sita. Wa saba, yule aliyekuwa akisema kwa sauti kubwa kuliko wote, “Huyo na viatu vyake,” alifika anahema, hakuuliza kitu.

Kule kwenye mahindi yake Samweli alikuwa amesimama na jembe, amewapa mgongo. Alikuwa amesikia. Hezekia hakumwita, wala hakumlaumu. Alitupa fimbo, akaingia chini ya mti wa nyuma, upande wa kushoto.

Walikuwa hawajafika mbali Mwanakheri akatapika, vyote alivyokula, juu ya turubai, na matapishi mengine yakamchuruzikia Hezekia shingoni hadi kwenye filimbi. Alivuta pumzi. Yalikuwa yananuka uji na nyongo na hofu ya binadamu, wala hapakuwa na harufu nyingine yoyote ndani yake, na Hezekia akagundua kwamba hasikii kinyaa.

“Tapika, mwanangu,” alimwambia. “Ndiyo kazi yake hili turubai.”

Akaanza kuimba, na mbele yake wakaitikia.